Mwanamke Aliyeyasema Maji

Haya, sogeeni. Kisa kimepita njiani, nikiite?

Wengine mmeitikia, wengine mnatafuna tu. Nauliza mara ya mwisho: nikiite?

Naam, hivyo ndivyo. Njoo kisa, ukae kati, watoto wapo na masikio wanayo.

Zamani, wajukuu zangu, zamani ile ambayo hata bibi yangu aliisikia tu kwa bibi yake, gari halijaja hata kwenye ndoto ya mtu, palikuwa na kijiji kikiitwa Mkondoni. Kijiji hicho hakikuwa na njia ya miguu hata moja. Msinitazame hivyo, nasema hata moja. Wazee wao walichimba mifereji: mmoja mkubwa katikati, na midogo ikichepuka kushoto na kulia, na yote ikivuta maji kutoka mtoni. Nyumba zao zilikuwa madungu, yaani nyumba za juu ya nguzo, kila mlango umetazama mfereji, ngazi imeshuka mpaka majini, na mtumbwi umefungwa chini ya ngazi. Kwenda kuomba moto kwa jirani, mtumbwi. Kwenda shambani, mtumbwi. Bibi harusi alipelekwa kwa mtumbwi, maiti alipelekwa kwa mtumbwi, na hata mbuzi, mkitaka kujua, alisafiri amesimama ndani ya mtumbwi na adabu zake zote.

Na kimya! Kimya cha pale si hiki chenu cha kunyamaza kidogo halafu mnachekana. Pale ulisikia upondo wa kusukumia mtumbwi ukiingia majini, chwap, ukitoka, chwap, basi. Watu walisema kwa sauti ya chini, kwa sababu maji huchukua maneno. Ukimsengenya mtu mlangoni kwako, yeye yuko kule kwake anaitikia.

Walikuwa na mwiko mmoja ulioishinda miiko yote. Maji hayasemwi. Usiseme yamejaa, usiseme yamepungua, usiseme leo yananuka. Maji, walisema, ndiye mwenyeji wetu, sisi ni wageni wake. Na ni mgeni gani anayefunua chungu cha mwenyeji akasema chakula ni kidogo? Wewe Mshamu, mbona umeinamisha kichwa? Juzi kwa shangazi yako ulisema nini? Haya, tuyaache.

Mwenye kuyasema maji mbele za watu hakupigwa wala hakufukuzwa. Alipasuliwa mtumbwi. Shoka linaletwa, mtumbwi unapasuliwa kati, vipande anaachiwa mwenyewe akavipikie. Na hakuna ruhusa ya kumpandisha kwenye mtumbwi wa mtu mwingine mpaka msimu wa kufyeka magugu uzunguke tena. Mtaona ni adhabu ndogo. Fikirini vizuri: njia ya miguu hakuna, mtumbwi huna. Umebaki juu ya dungu lako unatazama wenzako wakipita.

Basi katika kijiji hicho cha watu watulivu, Mungu na mambo yake, akazaliwa Sikudhani.

Sikudhani hakujua kukaa. Kigoda kwake kilikuwa na miiba. Asubuhi umemwona huku, adhuhuri yuko kule, alasiri mtumbwi wake unachungulia mahali ambapo hata bata hawajafika. Mtumbwi huo alichongewa na marehemu baba yake kwa mti mmoja, mwembamba, mwepesi, na ndio kitu alichokipenda kuliko vitu vyote duniani. Anafika mlangoni kwa mtu:

"Hodi!"

"Karibu, Sikudhani, kaa."

"Sikai. Nimepita tu. Mtoto ameacha kukohoa?"

"Ameacha."

"Haya, kwaheri."

Chwap, chwap, ameshaondoka.

Mumewe, Mketo, alikuwa msuka mikeka, mtu mpole. Angeweza kukaa na ukindu wake toka jua kuchomoza mpaka kuzama asiseme ila "lete maji" na "Alhamdulillahi." Alimpenda mkewe, lakini alimpenda kwa kuhema.

"Mke wangu, kaa basi tule."

"Nimekaa."

"Mguu mmoja uko kwenye ngazi."

"Huu mwingine si umekaa?"

Mama mkwe, Bibi Mashavu, dungu lake lilikuwa jirani, na kwa kuwa maji huchukua maneno, hakukosa hata moja. "Mketo mwanangu," angesema kutoka kule kwake, wala hapazi sauti, "wewe hukuoa mke. Umeoa panzi." Bibi Mashavu alikuwa mkali wa mila kuliko mwenye mila. Mtoto akisema tu "leo maji," kabla hajamaliza, kofi limeshafika.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo pana jambo.

Siku moja Sikudhani alikwenda kwa mama mkwe kuazima ungo. Akafunga mtumbwi, akapanda ngazi, akaona kipandio cha chini kabisa ni cheupe. Nanyi mnajua, mti uliokaa majini huwa mweusi. Mti mweupe ni mpya. Hakusema kitu. Kesho yake akapita kwa mshona nyavu: kipandio cha chini, cheupe. Akapita kwa mfinyanzi: viwili, vyeupe. Akazunguka mfereji mkubwa, akazunguka midogo, mlango kwa mlango, hodi karibu, hodi karibu, sikai. Kila ngazi imerefushwa. Kila ngazi!

Mmeshaelewa? Maji yalikuwa yanashuka. Mtu anaamka anaona ngazi yake inaning'inia hewani, haifiki majini. Kusema hawezi, ni mwiko. Basi anachukua kipande cha mti, anagongomea kipandio kipya mapema kabla majirani hawajatoka, anaingia ndani, ananyamaza. Na kila mmoja alijua moyoni kwamba ni yeye tu. Kwamba maji yameikasirikia nyumba yake peke yake. Nani angeitangaza aibu ya nyumba yake? Watu wa Mkondoni hawakuwa wajinga, walikuwa na adabu nyingi mno, na walikaa kila mtu kwake. Aliyeziona ngazi zote alikuwa mmoja, yule asiyekaa.

Sikudhani akarudi nyumbani mbio, akasimama chini ya ngazi yake mwenyewe, akatazama. Cheupe.

"Mketo! Kipandio hiki nani amekiweka?"

"Kipandio gani?"

"Hiki ninachokikanyaga."

"Kilikuwapo."

"Mketo!"

"Nimesema kilikuwapo. Na usipaze sauti, mama anasikia."

Akapanda, akamkuta mumewe ameshika ukindu lakini hasuki. Macho yana machozi. "Nilidhani ni mimi," akasema kwa kunong'ona. "Mwaka jana nilimwaga mabaki ya rangi ya mikeka mferejini. Nikadhani maji yamenichukia mimi."

"Hayajakuchukia wewe! Kwa mama yako kuna kipandio kipya. Kwa mfinyanzi kuna viwili. Kijiji kizima, Mketo!"

"Nyamaza."

"Maji ya—"

Akamziba mdomo kwa kiganja. Mketo, mtu ambaye hajawahi hata kumfukuza kuku! "Sikudhani, nakuomba. Watakupasulia mtumbwi. Mwingine akipasuliwa atakasirika, atazoea. Wewe utakufa. Mimi nakujua, nakaa na wewe."

Naye alijua kuwa ni kweli. Basi akanyamaza. Alijitahidi, jamani, msimwone hivi. Akaja akakaa kwenye mkeka, akainuka. Akapepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Akashuka kwenye mtumbwi, akachoma upondo chini, akahisi tope liko karibu kuliko jana, akapanda tena. Chakula hakishuki, maneno yamemjaa kifuani na hana pa kuyaweka.

Mwisho akaona, niende kwa mkubwa. Mkubwa wa Mkondoni alikuwa Mwinyi Kondo, mzee wa ndevu nyeupe, sauti nzito, kilemba hakijapata kuinama. Akafika kwake, na mnadhani aliona nini? Ngazi ya Mwinyi Kondo imefunikwa mkeka! Mkeka mzima, umetundikwa kutoka juu mpaka chini, kana kwamba ngazi nayo ni mwari.

"Shikamoo, Mwinyi."

"Marahaba. Kaa, mwanangu."

"Sikai, Mwinyi. Nimekuja na ombi. Niruhusu nipande juu, nipite nyumba ya mwisho, nifike pale mfereji unapotoka mtoni. Nikatazame tu."

Mwinyi Kondo akazichana ndevu kwa vidole. Tangu enzi za babu zake hakuna aliyepita nyumba ya mwisho. "Ukatazame nini?"

Sikudhani akautazama mkeka.

"Kwenda kuyapeleleza maji," akasema mzee, "ni kuyasema kwa miguu. Rudi nyumbani. Na upunguze kuzurura, watu wameanza kulalamika."

"Na mkeka huu, Mwinyi, unaficha nini?"

Lo! Mzee alimtazama kwa jicho ambalo hata mimi hapa nilipo naliogopa. Sikudhani akashuka, akaenda zake.

Ikafika siku ya kufyeka magugu. Siku hiyo mitumbwi yote hukusanyika kwenye bwawa la kati, pale mifereji inapokutana. Watu hukaa mitumbwini, mkubwa akasema dua, kisha kila nyumba ikafyeka magugu mbele ya mlango wake. Mbele ya mlango wake tu, angalieni. Watu wamejaa, nguo safi, kimya. Mwinyi Kondo akaja na mtumbwi wake mkubwa wa fahari, vijana wanaupiga pondo. Kufika katikati ya bwawa, mtumbwi ukasema krrr. Ukakwama!

Jamani. Mtumbwi wa mkubwa umekaa juu ya tope, mbele ya kijiji kizima. Na watu wakafanya nini? Wakatazama mawingu! Huyu anakuna kichwa, huyu anamfunga mtoto nguo, huyu amegundua leo kuwa upondo wake una ufa. Vijana wanasukuma huku wanatazama juu, tope linawarukia usoni, wanalipangusa kama jasho. Na Mwinyi Kondo mwenyewe akafumba macho akaanza dua, mtumbwi umepinda upande, kilemba kimepinda upande.

Sikudhani akashika ukingo wa mtumbwi wake. Aliupenda, nimewaambia. Akaupapasa, akaupapasa tena. Mketo alikuwa kwenye mtumbwi wa pili, anamtikisia kichwa: usiseme, usiseme, usiseme.

"Yamepungua!" Sauti ikapasua bwawa lote. "Maji yamepungua! Mnaona wote! Ngazi zenu zote zina vipandio vipya, nimeviona kwa macho yangu! Hayajamkasirikia mtu, yanatuhama! Mwinyi Kondo, funua mkeka wako uwaambie!"

Kimya. Mnasikia? Kimya.

Akageuka kwa mshona nyavu. "Wewe hukuongeza?" Mshona nyavu akatazama nyavu zake. Akageuka kwa mfinyanzi. "Na wewe?" Mfinyanzi akatazama vidole. Akageuka kwa mama mkwe. "Bibi Mashavu, mama yangu, sema na wewe."

Bibi Mashavu akakaza midomo. "Sijui unalosema," akajibu. Na Mketo, alipomgeukia, akainamisha kichwa.

Basi hukumu haikuchukua muda. Shoka likaletwa. Walimshusha kwenye mtumbwi wake, wakampandisha kwa Mketo arudishwe nyumbani kwa mara ya mwisho, na mbele ya macho yake wakaupasua. Pa! Pa! Mtumbwi wa baba yake. Mwinyi Kondo alilishika shoka yeye mwenyewe, na hakumtazama. Sikudhani alilia kwa sauti, na sauti ile iliingia kila mfereji na kila nyumba, na watu wakaisikia mpaka walipolala.

Akabaki juu ya dungu. Pembe hii, pembe ile. Pembe hii, pembe ile. Mbao zikilia chini ya miguu yake, kriki, kriki, na Mketo anasuka mkeka uleule na kuufumua. Chini, mitumbwi ya watu sasa ilikuwa inakwaruza tope, na watu wanapita wamekaza shingo, salamu zao ndogo, "hamjambo hapo," krrr, krrr.

Asubuhi moja Sikudhani akasimama, akakaza nguo kiunoni, akatungika kibuyu begani.

"Unakwenda wapi?" akauliza Mketo. "Huna mtumbwi."

"Nina miguu."

Akashuka ngazi. Akashuka kwenye vipandio vyeusi, akashuka kwenye vyeupe, akafika cha mwisho, akatia mguu chini. Pwata. Tope likamfika gotini. Akatia wa pili. Pwata. Wanawake wakatoka milangoni.

"Anakwenda wapi yule?"

"Anakwenda kwa miguu!"

"Kwa miguu ipi? Hii ya kupandia ngazi?"

Hawakuwahi kumwona mtu akitembea mferejini, na walimtazama kama nyinyi mnavyomtazama mtu akitembea juu ya paa. Akaenda. Akaanguka, akainuka. Akaenda. Akaipita nyumba ya mwisho, ile ambayo hakuna aliyeipita, akaenda, akaenda, akaenda, nyayo zake laini zikachubuka zikatoka damu, na bado akaenda. Tope likawa udongo mkavu, udongo ukawa mchanga. Akafika pale mfereji unapotoka mtoni.

Mto haupo.

Kilikuwa kitanda cha mchanga tu, kipana, kikavu, na matete yamenyauka kandokando. Sikudhani alizunguka pale akiita, "Uko wapi? Uko wapi?" Alikuwa na hasira kweli, anauita mto kama mtu aliyemkimbia na deni. Halafu akafuata mchanga ule kwenda juu, akapanda kilima kidogo cha mikindu, na kabla hajafika kileleni akasikia. Vuuu. Mto ulikuwa umevunja ukingo, ukachukua njia nyingine kabisa upande wa pili, na huko umejaa, maji mekundu, mapana, yanakwenda na hayana habari na mtu.

Akanywa. Akaosha damu miguuni. Kisha akakaa chini. Nasema akakaa, Sikudhani! Akakaa mpaka kivuli chake kikageuka upande. Na hapo, watoto, nitawaambia ukweli, alifikiri asirudi. Pale palikuwa pazuri, na wale waliompasulia mtumbwi wakiwa kwenye tope, si walitaka wenyewe? Nani alisimama kwa ajili yake hata mmoja? Alikasirika akalia, akalia akakasirika. Mwisho akajaza kibuyu maji, akainuka, akarudi. Alimwonea huruma Mketo, na wengine wakapata humohumo.

Alipofika Mkondoni hapakuwa na maji tena. Na mnajua aliwakuta wapi? Wamekaa ndani ya mitumbwi yao! Mitumbwi iko juu ya tope lililopasuka, na watu wamekaa ndani wima, pondo mkononi, wanangoja. Midomo imekauka, watoto wamelegea mapajani mwa mama zao.

"Hujambo, Sikudhani."

"Sijambo. Hamjambo?"

"Hatujambo."

Hatujambo! Hivyo ndivyo walivyosema.

Bibi Mashavu alikuwa chini ya dungu lake, anachuja tope kwa nguo kuukuu, tone kwa tone, ndani ya kata. Sikudhani akamwendea, akampa kibuyu. Bibi kizee akanywa. Akanywa mpaka yakamchirizika kidevuni. Akashusha kibuyu, akaitazama kata yake, akamtazama yule mwanamke aliyemwita panzi, miguu yake imevimba, kucha zimeng'oka. Uso ukamvunjika.

"Haya ndiyo maji," akasema Bibi Mashavu, na alisema kwa nguvu, kila mtu akasikia. "Yetu haya ni tope. Yetu yamekwisha! Nimegongomea vipandio mpaka mbao zikaniishia, nikilala nalia, nadhani nimemkosea Mungu nini. Naye mkamwana wangu aliniuliza mbele za watu, nikamkana. Nisamehe, mwanangu. Nisamehe."

Mshona nyavu akasimama kwenye mtumbwi wake. "Mimi nami nimeongeza."

"Mimi viwili," akasema mfinyanzi, "halafu vingine."

"Mimi nilimpiga mke wangu, nikidhani ni yeye amefanya jambo!"

"Mimi niliacha kuwatembelea ndugu zangu wasije wakaiona ngazi yangu."

Ikawa kelele! Mkondoni, kijiji cha kimya, watu wanapiga mayowe, wanalia, wanacheka, wanaoneshana ngazi, "njoo uone yangu," "yako si kitu, njoo uone yangu mimi." Mketo aliruka kutoka mtumbwini, pwata, akazama mpaka magotini, akaja mpaka kwa mkewe, na alichoweza kusema ni, "Niliinamisha kichwa siku ile. Niliinamisha kichwa."

"Nilikuona," akasema Sikudhani. "Beba mikeka yako, twende."

Wakashuka wote. Fikirini watu wazima wanaojifunza kutembea safari ndefu! Wanashikana mabega, wanaanguka makundi makundi, wanalia miguu, wanabebana. Mitumbwi waliiacha pale ilipo. Sikudhani mbele, na kila wakikaa anarudi nyuma: "Inukeni. Bado kidogo. Inukeni."

Mtu mmoja tu hakushuka. Mwinyi Kondo alibaki ndani ya mtumbwi wake katikati ya bwawa, kilemba kichwani, na wanawe walipomvuta mkono akasema, "Nendeni." Wakaenda huku wanageuka nyuma, na baadaye wakawa wanampelekea vibuyu vya maji.

Wakafika mtoni. Wakajenga madungu upya, wakachimba mifereji upya, maana kazi nyingine hawakuijua, na wakachonga mitumbwi. Lakini miti ilikuwa michache, na wenye watoto walitangulizwa, basi Sikudhani akawa bado hana. Hakulalamika. Alizunguka kandokando kwa miguu, huku na huku, huku na huku, na akisimama ukingoni anautazama mto mpaka Mketo anaona uchungu wa kumtazama.

Hata siku moja watu wakaona kitu kinakuja kutoka kule mikinduni. Wakadhani ng'ombe. Walipotazama vizuri ni mtu, mwembamba, ameinama, anavuta kwa kamba, na nyuma yake mtumbwi mkubwa unaburuzika juu ya magogo. Anauvuta hatua chache, anarudi nyuma kuchukua gogo la nyuma analiweka mbele, anavuta tena. Kilemba hakuna, kichwa kitupu. Mwinyi Kondo! Wanawe wakamkimbilia wamsaidie, akawapiga makofi mikononi. "Niacheni. Niacheni, huu ni wangu mimi."

Akauvuta mpaka majini. Mtumbwi ukaelea. Mzee akashika kamba, hakupanda.

"Sikudhani yuko wapi?"

Akaja, akasimama mbali kidogo. Watu wote wamekuja, na hakuna anayetazama mawingu.

"Nilipasua wako," akasema mzee. Sauti haikuwa nzito tena. "Nilijua unasema kweli. Mkeka ule niliutundika mimi mwenyewe. Nilijua, na nikashika shoka." Akamnyoshea kamba. "Chukua."

Sikudhani akaitazama kamba ile. Kuna neno alikuwa amemwekea mzee huyu siku zote zile, neno kali, na ninavyomjua lilikuwa tayari ulimini. Akaona viganja vya mzee: vimechunika, nyama inaonekana. Akaipokea kamba.

Mwinyi Kondo akaingia mtoni mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akasimama pale, mzee yule ambaye maisha yake yote hakupata kuyataja, akayatazama maji kwa muda mrefu. Akainama akayagusa.

"Leo yameshuka kidogo, mwanangu," akasema kwa sauti, mbele za watu wote. "Nenda juu ukatuangalizie."

Mketo akaanza, "Kula kwanza basi, mke wangu, chakula ki—" Amwambie nani? Chwap, chwap, ameshakata kona.

Basi wajukuu zangu, kati yenu kuna asiyetulia. Simtaji, anajijua, na mama yake anamjua zaidi. Huyo asipotulia msimfunge, muulizeni ameona nini huko alikotoka. Na wewe uliyetulia, ukiona jambo limepungua nyumbani kwako, usiligongomee kipande cha mti ukanyamaza. Sema. Huenda na kwa jirani ni hivyohivyo, naye analia peke yake.

Mimi nimewapa kilivyonifikia, sikupunguza. Mkikisikia mahali kimezidi hapa, kilichozidi ni cha huyo msimulizi mwingine. Inukeni sasa, mnikunjie mkeka.